Moyo ukiwa mzito: nyimbo za Kijapani za kusikiliza, na kwa nini zile za majonzi ndizo zinazoinua

#1 Mluzi wa Jioni
Wakuu, salaam. Nina dai moja, nalileta lichambuliwe. Mtu aliyenyong'onyea ukimpigia wimbo wa "simama upambane" unamzidishia mzigo. Wajapani wanalijua hilo, ndiyo maana wimbo wao uliotamba kuliko yote nje ya nchi unamhusu mtu anayetembea peke yake usiku na machozi yamemlengalenga. Nausema Ue o Muite Arukō wa Kyu Sakamoto, 1961. Jina lenyewe ni "nitatembea nikitazama juu". Anatazama juu ili machozi yasimwagike, basi. Hakuna ushauri wala tumaini lolote mle. Na muziki wake unatembea mwepesi kama mtu anaenda sokoni, hadi pale maneno yanapoisha na jamaa anapiga mluzi. Juni 1963 ulishika namba 1 Marekani kwa wiki 3, Kijapani mwanzo mwisho.

Maswali ni mawili. Mnaongeza zipi? Na kwa nini zinamgusa hata asiyejua neno la Kijapani? Ombi: usitaje wimbo bila kusema unafaa wakati gani. Orodha tupu zimejaa kila mahali.

#2 TreniYaUsiku
Si ndio huo waliouita Sukiyaki? Nilidhani sukiyaki ni jina la mwanamke.

#3 Kobushi254
@TreniYaUsiku 😂 mwanamke gani? Sukiyaki ni nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba kama karatasi, inapikwa mezani kwenye sufuria bapa na mchuzi wa soya na sukari. Kwenye wimbo haimo hata harufu yake. Uingereza walihofia watu watashindwa kutamka jina halisi, bendi ya Kenny Ball ikautoa kwa ala tupu ukiitwa Sukiyaki, Wamarekani nao wakafuata. Ni kama wimbo wa kwaya wa msibani upelekwe Ulaya ukauzwe kwa jina "Nyama Choma".

Mleta uzi, nakurekebisha kidogo. Sakamoto ni mwimbaji tu. Maneno ni ya Ei Rokusuke, muziki ni wa Nakamura Hachidai (kwao jina la ukoo hutangulia, kwa hiyo ukitafuta andika pia "Sakamoto Kyu"). Na kusema hamna tumaini si kweli. Katikati kuna kipande kinachosema furaha iko juu ya mawingu. Iko mbali, lakini imetajwa.

#4 SolFa wa Dodoma
Swali la pili la mleta uzi lina jibu kwenye ngazi ya sauti. Kuna ngazi inaitwa yonanuki: "yo" ni nne, "na" ni saba, "nuki" ni kuondoa. Chukua do re mi fa so la ti, toa sauti ya nne na ya saba, inabaki do re mi so la. Kwa wenye kinanda cha simu: C D E G A.

Kilichoondolewa ndicho chenye maana. Fa inavuta kwenda mi, ti inavuta kwenda do, kila moja kwa nusu hatua. Ukizitoa, hakuna sauti inayolazimisha nyingine. Wimbo unaning'inia. Mtu mwenye huzuni hataki kusukumwasukumwa, na ngazi hii haimsukumi.

Ipo na ya majonzi: anza kwenye la, hesabu la ti do re mi fa so, toa ya nne na ya saba, unabaki na la ti do mi fa. A B C E F. Pigeni taratibu kushuka, F E C B A, mtasikia enka nzima, zile nyimbo za majonzi za Kijapani za mtindo wa kale, humo bila mwimbaji. Anayeimba kwaya ya sol-fa hahitaji zaidi ya dakika 10 kuizoea.

#5 mchaichai
Naomba nipinge #1 kabla haijawa sheria. ZARD, Makenaide, Januari 1993. Jina ni "usishindwe". Sakai Izumi aliandika maneno, Oda Tetsurō muziki. Kwenye ile televisheni ya hisani ya saa 24, mkimbiaji anapokaribia mwisho wa mbio ndefu, huo ndio wanaomwimbia miaka nenda rudi. Kama Wajapani wangeamini nadharia yako wangempigia mtu wa watu wimbo wa machozi akiwa amebakiza kilomita mbili?

#6 Mluzi wa Jioni
@Kobushi254 nimekubali la mawingu, asante.

@mchaichai umechanganya uchovu na huzuni. Mkimbiaji amechoka miguu, njia anaijua, mwisho anauona. Huyo mwambie "usishindwe" na itamwingia. Aliyenyong'onyea haoni mwisho wa njia. Japani yenyewe, neno "ganbare", yaani kaza, jitahidi, wanalirushiana asubuhi hadi jioni, ila ushauri unaotolewa siku hizi ni kutomwambia mtu mwenye sonona, maana yeye ameshajitahidi mpaka amekwisha. Ukimwambia kaza, anasikia "hukukaza vya kutosha".

#7 mchaichai
Basi sema "huzuni", usiseme "moyo mzito". Moyo mzito una uchovu ndani yake pia.

#8 Zamu ya Usiku
Mnavutana bure, mpangilio ndio unaoamua. Kwenye tiba ya muziki kuna kanuni ya iso, imeanzia kwa daktari wa akili Ira Altshuler, Marekani, miaka ya 1940. Unaanza na muziki unaolingana na hali ya mtu ilivyo, halafu unausogeza kidogo kidogo kwenda unakotaka afike. Ukianzia unakotaka afike, anakukatalia.

Kwa vitendo, nyimbo 7, kama nusu saa:
Nada Sōsō (Natsukawa Rimi), kisha Lemon (Yonezu Kenshi). Hizi mbili ni za kuzama.
Kawa no Nagare no Yō ni (Misora Hibari), kisha Jidai (Nakajima Miyuki). Hapa ni kutazama maisha kwa mbali.
Ue o Muite Arukō. Hapa ndipo pa kugeukia, maneno yanalia na miguu inatembea.
Mayonaka no Door (Matsubara Miki). Maneno ni ya kuachwa, besi ni ya kucheza.
Makenaide mwisho kabisa.

Watu huharibu mahali pawili. Wanabonyeza kurudia wimbo wa kwanza mara nane, hapo umekwama na hujasogea. Au wanaweka orodha kwenye kuchanganya, wa mwisho unakuja wa pili na kazi yote inavurugika. Zima vyote viwili kabla ya kuanza.

#9 TreniYaUsiku
Kwa hiyo mchaichai na mleta uzi wote wako sahihi, tofauti ni wimbo wa 1 na wa 7. Tufunge uzi?

#10 Nusu Noti
Usifunge, mwalimu wa #4 ametoa nusu ya habari. Yonanuki ni ya nyimbo za zamani. Nyingi alizotaja Zamu hazikai humo, hivyo haiwezi kuwa ndiyo sababu. Nyimbo za Kijapani za tangu miaka ya 1970 zinabebwa na akodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja. Kuna mpangilio wanauita njia ya kifalme, 4-5-3-6, namba zikiwa nafasi za akodi kwenye ngazi. Kwenye C ni F, G, Em, Am ("m" ni akodi ndogo, yenye majonzi).

Sikilizeni kinachotokea. F na G zinaahidi kwamba tunarudi nyumbani, C. Kila sikio linaisubiri C. Badala yake inakuja Em, halafu unatua kwenye Am. Umeahidiwa nyumbani ukashushwa kituo cha jirani, tena taa zimezimwa. Kisha F inaanza upya na unaahidiwa tena. Tumaini na kuvunjika moyo ndani ya vipimo vinne, bila neno hata moja. Ndiyo maana asiyejua lugha naye anaguswa.

Upo pia ule wanaouita Marunouchi, kutokana na wimbo wa Shiina Ringo wa 1999: Fmaj7, E7, Am7, kisha C7 inayokurudisha mwanzo. Hiyo E7 ina G kali (nusu hatua juu ya G), sauti ngeni kwenye ngazi ya C, ndiyo inayokuchoma pale katikati.

#11 Kaa la Moto
Nusu Noti, hiyo 4-5-3-6 ndiyo kiitikio cha Never Gonna Give You Up cha Rick Astley. Sijawahi kuona mtu analia kwa Rick Astley.

#12 Nusu Noti
Hujatafuta vizuri. 😄

Haya, umenibana. Akodi ni zile zile, ila kule ngoma imekaza na sauti inatamba, huna muda wa kuisubiri hiyo C ikose kuja. Kasi ina sehemu yake. Mpangilio si wa Wajapani peke yao, wao wameutumia mno tu.

#13 SolFa wa Dodoma
@Nusu Noti, rudi kwenye wimbo wa mleta uzi kabla hujanistaafisha. Pale pa mawingu, ukipiga kwa G, mara ya kwanza ni C kwenda G. Mara ya pili maneno karibu ni yale yale lakini C imegeuka C ndogo. Kidole kimoja tu kinashuka, E inakuwa E bapa. Furaha ile ile imetajwa mara mbili, mara ya pili ikiwa imefunikwa na wingu. Mwenye gitaa apige sasa hivi aniambie kama hakusikia baridi mgongoni.

#14 Kaa la Moto
Nimepiga. Ni kweli. Nanyamaza.

#15 Bahari Kame
Mbona Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani, hamjaifikia? Ngazi yao ni nyingine kabisa: do mi fa so ti. C E F G B. Re na la hazimo.

Shima Uta ya The Boom, 1992. Miyazawa Kazufumi aliyeitunga si wa Okinawa, ni wa Yamanashi, bara kabisa. Juujuu ni wimbo wa wapenzi walioachana kisiwani. Chini yake ni vita vya Okinawa vya 1945, ambavyo viliua watu zaidi ya 200,000 pande zote pamoja, raia wengi mno. Sasa tegeni sikio: wimbo unaenda kwa ngazi ya Okinawa, unapofika pale shambani kwenye miwa, walipokutana na kuagana, ngazi inabadilika kuwa ya bara. Alifanya kusudi. Vifo vile aliviona vimeletwa na amri ya bara, kwa hiyo hakutaka kuviimba kwa ngazi ya waliokufa. Kisha ngazi ya kisiwa inarudi.

Mti unaotajwa mwanzoni, deigo, ni wa jenasi moja na mwamba-ngoma wetu, maua yale yale mekundu yanayotangulia majani. Kule husema ukichanua kupita kiasi, mwaka huo dhoruba ni kali.

Nada Sōsō nayo ni ya huko. Moriyama Ryōko aliandika maneno akimkumbuka kaka yake aliyefariki kijana, bendi ya BEGIN kutoka kisiwa cha Ishigaki ikatunga muziki. "Nada" ni machozi kwa lugha ya Okinawa, bara wanasema "namida". Wa Natsukawa Rimi wa 2001 ndio uliosambaa, naye ni wa Ishigaki. Unafaa kwa msiba, hasa ule wa zamani usiotoka. Kwa mapenzi yaliyovunjika utakupotezea muda.

#16 TreniYaUsiku
Shima Uta nimewahi kuisikia kwenye mambo ya mpira, au nimeota?

#17 Bahari Kame
Hukuota. Mwargentina Alfredo Casero aliiimba kwa Kijapani hicho hicho, na mashabiki wa Argentina wakaibeba Kombe la Dunia la 2002 lililochezwa Japani na Korea. Wimbo wa makaburi ukaimbwa na watu wenye vuvuzela.

#18 Kaa la Moto
Vuvuzela ni 2010, Afrika Kusini.

#19 Bahari Kame
Ngoma basi. Watu wenye ngoma. Mnakaa mnavizia.

#20 Silabi Tano
Jamani, kuna sababu iko mdomoni mwenu hamuioni. Kijapani kina irabu tano, a i u e o, kama zetu, na silabi karibu zote zinaishia kwa irabu. "N" inaweza kusimama peke yake kama silabi, kama ya kwetu kwenye "nchi". Kwa hiyo Mswahili anaimba Kijapani siku ya kwanza, wakati Mwingereza anatafuna ulimi. Na ukiimba pumzi inarefuka. Nadhani nusu ya nafuu mnayoitafuta kwenye akodi inatoka kwenye kutoa pumzi taratibu.

Mambo manne tu ya kuangalia:
Irabu yenye mstari juu huhesabiwa mbili. Arukō ni a-ru-ko-o, mapigo manne. Ukiimba matatu utamaliza kabla ya muziki.
Konsonanti mbili, mfano "tte", maana yake nyamaza pigo zima kabla ya t. Wengi wanaruka hapo na wanapotea.
"R" yao ni ya kugusa mara moja, ipo katikati ya r na l. Usiikaze.
"U" isitokeze midomo kama yetu. Na kwenye "desu" inamezwa kabisa, unasikia "des".

Halafu mleta uzi, "arukō" si lazima iwe "nitatembea". Ni kama "-e" yetu ya "nitembee, tutembee", nafsi haikutajwa. Na machozi pia hayana mwenyewe, hakuna "yangu" wala "yako". Programu za kutafsiri huchagua nafsi moja tu na kuiacha nyingine. Mimi nasema hiyo ndiyo siri ya wimbo, na wewe msikilizaji umo ndani yake bila kualikwa.

#21 Mluzi wa Jioni
Hili la "tutembee" limenipiga chini. Mwalimu, shikamoo.

#22 Kobushi254
Marahaba kwa niaba yake. Na linakaa vizuri na chanzo cha wimbo. Inaelezwa Ei Rokusuke aliyaandika akirudi nyumbani kwa miguu kutoka kwenye maandamano ya 1960 ya kupinga mkataba wa usalama na Marekani, maandamano yaliyoshindwa. Hapo "tutembee" ina uzito wake. Wengine wanashikilia ni mapenzi yaliyomtoka. Maneno yanakubali yote mawili, hayakutaja siasa wala mwanamke.

#23 mchaichai
Yaani wimbo wa kupinga Marekani ukashika namba 1 Marekani kwa jina la nyama. Nimecheka peke yangu.

#24 Fundi Spika
Niwasaidie wa bando dogo. Sauti tupu ya 128 kbps inakula karibu MB 1 kwa dakika, kwa hiyo orodha ya #8 ni kama MB 30. Ukiitazama kwa video unalipa mara kadhaa ya hapo kwa picha usizozitazama. Shusha video hadi 144p au tumia programu ya muziki yenye kupakua.

Kutafuta: herufi za Kilatini zinaleta matoleo ya watu wanaojaribu sauti vyumbani mwao. Nakili jina lenyewe: 上を向いて歩こう, 涙そうそう, 島唄, 川の流れのように. Ukitaka maneno, ongeza 歌詞 baada ya jina. Tovuti ya UtaTen ina maneno pamoja na matamshi kwa herufi za Kilatini. Yamashita Tatsurō, mwimbaji wa pop, usimtafute kwenye huduma za kulipia kwa mwezi, 2022 alisema hana nia ya kuweka kazi zake huko, nunua diski.

Sauti: za 1961 zina besi kidogo. Watu wanapandisha besi kwenye simu, mluzi unazama na sauti ya Sakamoto inakuwa kama imo ndani ya pipa. Weka usawazishaji katikati, zima kila "besi ya ziada". Kwa Mayonaka no Door fanya kinyume, spika ndogo ya simu inaua gitaa la besi na ndilo lenye kazi. Vaa vya masikioni. Na usizidishe: WHO wanasema desibeli 80 si zaidi ya saa 40 kwa wiki.

#25 Zamu ya Usiku
Kuna kitu kwenye Lemon watu hudhani spika imeharibika. Kwenye beti kuna kisauti kifupi cha mtu kama "we!", kinatokea nyuma ya mapigo. Ni cha makusudi. Wimbo ulitungwa kwa tamthilia ya 2018 kuhusu wachunguzi wa maiti, na babu yake Yonezu alifariki wakati anautunga. Ukishakizoea kile kisauti, unaona kinazuia wimbo usigeuke kilio kitupu.

#26 Fundi Spika
Hasa. Kuna anayebadili waya kwa ajili ya hicho kisauti. Usibadili waya.

#27 TreniYaUsiku
Naongeza Hana wa Saku. NHK, shirika la utangazaji la Japani, waliutoa 2012 kwa ajili ya waathirika wa tetemeko na tsunami ya Machi 2011. Muziki ni wa Kanno Yōko, maneno ya Iwai Shunji, wote wa Sendai. Anayeimba mle ni kama marehemu anawaza amewaachia nini walio hai. Usiku wa manane usiuweke, asubuhi ni sawa. Kwa kuwa NHK wana idhaa ya Kiswahili, ningependa siku moja wausome kwa Kiswahili.

#28 Kaa la Moto
Hana wa Saku. Hana wa nini?

#29 TreniYaUsiku
Hana ni ua, "maua yatachanua". Nilijua lazima mtu aulize.

#30 Kaa la Moto
Na Kawa no Nagare ni kawa la kufunikia wali?

#31 Kobushi254
Kawa ni mto. "Kama mtiririko wa mto." Huo umenikuna, nikae nao kidogo. Watu wanauweka kwenye enka, mimi nasema ni wimbo wa pop ulioimbwa na malkia wa enka. Maneno ni ya Akimoto Yasushi, yule yule aliyekuja kuunda kundi la wasichana la AKB48, na aliyaandika akiwa New York. Ulitoka Januari 1989, Misora Hibari akafariki Juni mwaka huo huo akiwa na miaka 52.

Mtihani wa sikio: tafuta wimbo wake wa enka halisi na huu, weka sambamba. Enka ina kobushi, ule mkunjo wa koo ambapo silabi moja inapita sauti tatu au nne kwa haraka. Wasikilizaji wa taarabu hamtapata shida kuutambua. Kwenye Kawa karibu hautumii. Aliyekuwa na mkunjo mkali kuliko wote Japani ameuweka kando na kuimba noti zilizonyooka. Kwa anayejua alichokuwa nacho, kule kujizuia ndiko kunakoumiza. Asiyejua anasikia wimbo mzuri wa taratibu.

#32 Zamu ya Usiku
Nirudi kwenye "kwa nini", kuna vipimo. Kawakami na wenzake, Japani, 2013, watu 44: waliposikiliza muziki wa huzuni, huzuni waliyoisikia ndani ya muziki ilikuwa kubwa kuliko waliyoihisi wao, na waliyoihisi ilichanganyika na utamu. Taruffi na Koelsch, 2014, waliuliza watu 772, hisia iliyotajwa zaidi ilikuwa ya kukumbuka yaliyopita, huzuni ikabaki nyuma. David Huron mwaka 2011 alipendekeza kwamba mwili unadhani umepata msiba, unatoa homoni ya prolaktini ya kuliwaza, na msiba hakuna, unabaki na kuliwazwa bure.

#33 Nusu Noti
Hiyo ya prolaktini ni tamu kusimulia, lakini walipokuja kupima homoni zenyewe, 2021, kwa wasikilizaji wepesi wa kuguswa ilishuka badala ya kupanda. Iondoe.

#34 Zamu ya Usiku
Nimeiondoa. Hiyo ya kukumbuka inabaki.

#35 Silabi Tano
Inabaki vipi kwa mtu anayesikia city pop, ile pop ya mjini ya Japani ya miaka ya 70 na 80, mara ya kwanza? Mayonaka no Door ni ya 1979. Ilipofika kileleni kwenye orodha za kusambaa za Spotify mwishoni mwa 2020, wengi walioipenda hawakuwa wamezaliwa ilipotoka, na Japani hawajafika. Wanakumbuka nini?

#36 Mluzi wa Jioni
Wanakumbuka kitu ambacho hakikuwahi kuwa chao. Hilo lina raha yake, halina deni.

#37 mchaichai
Maneno mazuri, ila si jibu.

#38 Bahari Kame
Tahadhari moja. Garrido na Schubert wamechunguza watu wenye tabia ya kucheua mawazo, lile lile likizunguka kichwani usiku kucha. Hao muziki wa huzuni unawashusha zaidi ingawa wenyewe wanadai unawasaidia. Kwa hiyo kipimo kiwe baada ya wimbo wa tatu: umelegea, au umerudi kwenye jambo lile lile? Ukiwa umerudi, zima utoke nje. Na hali ikifika wiki mbili mfululizo, usingizi na chakula vimekwenda, hapo ni hospitali, orodha ya #8 haitoshi.

Ndiyo maana ule wa Nakashima Mika wa 2013, ulioandikwa na Akita Hiromu wa bendi ya amazarashi, unaohusu sababu za mtu kutamani kufa, sikuutaja. Unamalizikia upande wa uhai, lakini njia yake ndefu, na si kila mtu atafika mwisho wake akiwa peke yake.

#39 TreniYaUsiku
Sahihi kabisa. Huo uwe wa kusikiliza mkiwa wawili.

#40 SolFa wa Dodoma
Nitoke nje ya mada kidogo. Japani manispaa nyingi zina vipaza sauti vya dharura, na jioni, mara nyingi saa 11, huvipima kwa kupiga wimbo wa watoto. Yūyake Koyake unapigwa sana. Watoto wanajua ni saa ya kurudi nyumbani. Zidisha hilo kwa utoto mzima wa mtu. Sasa mnaposema ngazi ya yonanuki haina kazi, na wimbo wa kurudi nyumbani uko kwenye yonanuki...

#41 Nusu Noti
Hapo ni mazoea, mwalimu. Wangewapigia Astley kila saa 11 wangemlilia Astley.

#42 SolFa wa Dodoma
Na wewe unayelia kwa 4-5-3-6 si mazoea?

#43 Kaa la Moto
Sasa hapo ndipo nilipokuwa napasubiri tangu #11.

#44 Kobushi254
Hamjagusa TSUNAMI ya Southern All Stars, 2000. Wimbo wa mapenzi, neno ni mfano tu wa hisia zinavyomfunika mtu. Baada ya Machi 2011 redio zikaacha kuupiga. Noti hazikubadilika, akodi hazikubadilika. Nadharia zenu zote nne zilieleze hilo.

#45 Silabi Tano
Jina. Lugha imeshinda.

#46 Nusu Noti
Jina limezuia upigwe. Kama ungepigwa bila jina, kwa ala tupu?

#47 Silabi Tano
Kama Kenny Ball alivyofanya na nyama?

#48 Mluzi wa Jioni
😂 Mwenye gitaa apige TSUNAMI bila maneno, kisha Ue o Muite bila maneno, aziweke hapa bila kusema ipi ni ipi. Kaa la Moto, si ulisema gitaa lipo?

#49 Kaa la Moto
Lipo. Waya wa kwanza umekatika pale kwenye C ndogo. Nipeni hadi kesho.